Kichwa Kinachobisha Hodi

Watu wengine huumwa kichwa kama watu. Kinawauma, wanakifunga kitambaa, wanawafokea watoto waliokuwa wamenyamaza kimya, wanalala, yamekwisha. Mke wangu hajawahi kuumwa hivyo hata siku moja. Kichwa chake kina adabu kuliko ndugu zake wengi: hakiingii mpaka kibishe hodi kwanza. Na hodi zake hazifanani na za mtu mwingine yeyote.

Kwanza huja harufu. Ananusa nywele zinazoungua. Pale mahali hapana moto, hapana kinyozi, hapana hata njiti ya kiberiti, yeye anainua pua na kuuliza, "Nani anaunguza nywele?" Tulipooana nilikuwa najipapasa kichwani kila akiuliza. Nywele zangu zilianza kunihama mapema, na zile chache zilizokubali kubaki nilizipenda, kwa hiyo swali lile lilinikosesha raha.

Baada ya harufu huja mwanga. Pembeni mwa jicho la kushoto panazuka mstari unaometameta, wenye meno meno, kama ukingo wa kitambaa kilichokatwa kwa mkasi wa meno. Mstari ule unatambaa, unajipinda kama mundu, na ndani ya pindo lake hapana kitu. Si giza, maana giza angalau unaliona. Hapana kitu tu. Akikutazama usoni, nusu ya uso wako imekwenda zake, na hakuna pengo mahali ilipokuwa.

Halafu, siku nyingine, si zote, vitu huanza kupungua. Mlango unakuwa wa banda la kuku. Kiti kinakuwa cha mtoto anayeanza kukaa. Mimi mwenyewe, mwanaume wa kimo cha kuheshimika, nilipungua asubuhi moja nikiwa nakunywa chai, mpaka akaniomba niweke kikombe chini nisije nikatumbukia.

Hodi hizo zikishapita ndipo kichwa chenyewe kinaingia, na kikiingia hakiji kusalimia. Kinakuja na godoro lake.

Daktari mmoja alitupa jina la jambo lile: kipandauso. Akasema harufu na mwanga ni dalili za kutangulia. Si wazimu, si macho mabovu, wala si jirani. Akampa vidonge na neno moja la kushika: dalili ya kwanza tu, meza, ulale gizani. Ukiwahi, kitapita kama manyunyu. Ukingoja mpaka kianze kuuma, utalala siku mbili huku unatapika. Mke wangu alitoka kwa yule daktari akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Wengine wanavamiwa, akaniambia njiani. Yeye anapewa taarifa.

Sasa kazi yake. Tulikuwa sote wawili kwenye kiwanda cha kushona sare: za shule, za manesi, za walinzi. Mimi nilikuwa fundi wa pasi. Sisemi kwa kujisifu, ila suruali niliyoipiga mimi ilikuwa na mkunjo ambao nzi akitua juu yake wanaruka nzi wawili. Mke wangu alikuwa mkataji, na kiwanda kizima kilimwita Wembe.

Kwa asiyejua, mkataji ndiye anayebeba roho ya kiwanda mkononi. Kitambaa hutandikwa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, mpaka kinakuwa kinene kama godoro la wageni. Juu kabisa inalazwa karatasi yenye michoro ya mikono, migongo na kola. Kisha mkataji anasukuma kisu cha umeme, kimesimama wima, kinatetemeka kwa hamu, kinapita ndani ya matabaka yote kwa mara moja. Akiteleza upana wa ukucha, haharibiki shati moja. Shule nzima inatembea na bega moja juu. Na kisu kile hakijui tofauti ya kitambaa na kidole.

Kwa ajili ya vidole hivyo palikuwa na desturi. Mkataji wa kwanza kabisa wa pale, mzee aliyemfundisha mke wangu, alipungukiwa vidole kwa sababu mtu alichomeka waya wakati yeye anasafisha makali. Tangu siku ile, mkataji akitua kisu anachomoa waya kwenye kisu chenyewe na kujivika shingoni. Waya ukiwa shingoni mwake, kisu ni chuma tu, na hakuna anayechomeka mwingine, awe nani. Mke wangu alikwenda nao kula, alikwenda nao chooni, na siku moja alifika nao nyumbani, nikamuuliza kama kiwanda kimemposa.

Kwa hiyo dalili ikimjia kazini ilikuwa rahisi. Anazima, anachomoa, anajivika waya, anameza kidonge, anakwenda stoo kulala kati ya majora ya kitambaa cha buluu, gizani. Baada ya usingizi mfupi anarudi, amepauka kidogo, anaendelea pale alipoachia. Mameneja walipita, wakazoea. Mmoja alikuwa hata akimfungia mlango polepole.

Ndipo akaja Bwana Dakika.

Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu ya saa yake. Aliitazama mtu akisema shikamoo na kuitazama tena akisubiri marahaba yake mwenyewe imalizike. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyepewa kiwanda kinachochelewa, akaambiwa akiharakishe. Wiki ya kwanza alitukusanya ukumbini, akapanda juu ya kreti, akaanza kuhutubia kuhusu nidhamu.

Katikati ya nidhamu, mke wangu akainua pua.

Mimi nilimwona. Nikajua nywele zimeshaanza kuungua. Kisha akafinya jicho la kushoto, nikajua mkasi wa meno umefika. Kisha akamkazia macho Bwana Dakika, mdomo ukaanza kumcheza, na nikaomba ardhi ipasuke. Baadaye alinieleza. Meneja alikuwa anapungua. Alipungua polepole huku anahutubia, kwanza akawa kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha kama chupa ya soda, kisha kama bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, lakini sauti haikupungua hata chembe. Bobini yenye tai ilikuwa imesimama juu ya kreti ikiuliza kwa sauti nzito nani anadhani anaweza kuichezea.

Akacheka. Na mke wangu hana kicheko cha pembeni. Kikitoka kinapita kwenye cherehani zote na kugeuka.

"Mama," Bwana Dakika akasema, "kuna kichekesho?"

"Samahani, meneja. Umekuwa mdogo."

"Nimekuwa nini?"

"Mdogo. Kama bobini. Lakini sauti inafika, endelea."

Watu waliinama kutafuta sindano ambazo hazikuanguka. Mke wangu akaomba radhi tena, akaenda stoo na waya wake shingoni. Bwana Dakika akamfuata. Mimi nikamfuata Bwana Dakika, na nyuma yangu akaja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi. Shemeji ni mtu mpole kupindukia. Alikuwa anasema "ndiyo bosi" hata simu ikiwa imeshakatika.

Tulimkuta amelala juu ya jora, mikono kifuani, anapumua vizuri.

"Unaumwa?" meneja akauliza.

"Bado."

"Bado?"

"Nitaumwa baadaye kidogo. Ndiyo maana nimelala sasa."

Bwana Dakika alitazama saa, kama vile imeandikwa pale jinsi ya kumjibu mtu wa namna hiyo. Mke wangu, amefumba macho, akamweleza yote: harufu, mwanga, nusu isiyokuwepo, kidonge. Alieleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi, bila kuongeza chumvi, na nadhani hapo ndipo alipokosea. Kweli tupu ikiwa ya ajabu kiasi kile, inahitaji nguo.

"Nimesikiliza," meneja akasema. "Sasa nisikilize na mimi. Hapa kwetu mtu akiumwa, analala. Asipoumwa, anafanya kazi. Mgonjwa wa baadaye sijawahi kumwona. Siku nyingine ukitua kisu na huumwi, unahamia meza ya vifungo, na meza ya kukatia inapata mtu mwingine."

Vifungo si kazi ya aibu. Lakini mke wangu alikuwa mwanamke wa kwanza kushika kisu kile. Alisimama nyuma ya yule mzee wa vidole pungufu miaka ya ujana wake akifagia vipande, akijifanya hatazami, mpaka mzee akachoka kutazamwa na kumpa kisu. Kumwondoa pale kulikuwa sawa na kunyang'anya mtu jina.

Jioni ile shemeji alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti kama kawaida yake, tayari kumpisha mtu.

"Dada, mwombe radhi yaishe."

"Radhi ya nini?"

"Ya kucheka."

"Ya kucheka nilishaomba mara mbili. Unataka niombe ya kulala. Hiyo siombi."

"Lakini hiyo ya kulala ndiyo iliyomuuma."

"Basi na yeye alale."

Nikaona niingie kati, maana mambo ya kueleza watu wasioelewa ni fani yangu. "Mama," nikamwambia, "tatizo lako ni ugonjwa wenye maelezo marefu. Tafuta wa neno moja. Presha. Hakuna anayebishana na presha, ukiitaja tu unapewa kiti. Au mgongo. Mgongo haupimwi, mtu anaweza kuwa nao mpaka anastaafu."

"Sina mgongo."

"Basi niseme uliwahi kupigwa na radi. Ilikuja wakati unashona, ikaingilia kwenye sindano, ikazunguka mwilini inatafuta mlango, ikatokea kisigino cha kushoto. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha nchi jirani wewe unasikia harufu. Hiyo nimekupa bure."

"Umemaliza?"

"Kuna ya nyoka bado."

"Kaa nayo." Akaweka kikombe chini. "Nyie wawili nisikilizeni. Nina ugonjwa wangu mwenyewe, nimekaa nao tangu nikiwa msichana, najua unavyobisha mlango. Sitaki wa kuazima. Nikisema presha leo, kesho nitakuwa naigiza presha, na hiki kichwa cha kweli kitakuja kinikute niko jukwaani."

"Hawaamini, dada," shemeji akasema.

"Kutoamini ni kazi yao. Yangu ni kukata."

Ungedhani limekwisha. Lakini mtu mpole ana hatari yake: hawezi kuona ugomvi bila kuumwagia maji, hata kama anachomwaga ni mafuta ya taa. Asubuhi, kabla sijawasha pasi, shemeji alikuwa ameshaingia ofisini na kunong'ona kwamba dada yake ana presha, ila anaona haya kusema. Katika maghala yangu yote ya uongo alichagua ule mdogo kabisa. Ile ya radi, mpaka leo naamini, ingepita.

Bwana Dakika alifurahi. Presha ni kitu chenye namba. Siku hiyo hiyo akaita nesi wa zahanati ya jirani, akaja na kipimo chake, akamkalisha mke wangu kwenye stuli mbele ya watu, akamfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akasikiliza.

"Mama," nesi akasema, ameridhika kabisa, "hii ni presha ya msichana anayeruka kamba."

Meneja akakunja mikono. "Msimamizi aliniambia una presha."

Mke wangu akageuka kumtazama mdogo wake. Shemeji alikuwa anaitazama dari kama fundi aliyeitwa kuikadiria.

Palikuwa na njia mbili pale. Aseme mdogo wake ni mwongo, mdogo wake aende nyumbani jioni ile na vitu vyake kwenye mfuko. Au aubebe uongo ule. Mimi nilisimama na pasi mkononi nikisubiri aingie njia gani, naye hakuingia hata moja.

"Mimi nilikwambia ninachonusa na ninachokiona," akasema. "Hayo ndiyo maneno yangu. Mengine sikuyaleta mimi, usinidai."

"Maneno ya harufu," Bwana Dakika akasema. "Sasa nimekujua, mama. Onyo ni lile lile."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke ambaye hakusema uongo hata mmoja akaondoka pale na sura ya aliyekamatwa nao. Jioni shemeji alikuja tena nyumbani. Alikaribishwa, akapewa kiti, akapewa chai. Neno hakupewa. Alikunywa chai ile kama dawa ya minyoo, akaaga ukuta, akaondoka.

Siku zikapita bila dalili, ikafika ile siku ya sare za shule. Mzigo mkubwa. Lori lilikuwa limeshasimama nje, dereva amekunja kiti analala, na tandiko la mwisho liko mezani, la buluu, nene kiasi kwamba mimi, ningekuwa na mto, ningelala juu yake. Bwana Dakika alisimama kando ya meza, saa juu ya kitambaa.

Mke wangu alikuwa amefika kwenye mzingo wa kwapa, mahali pagumu kuliko pote, kisu kinapozungushwa kwa kiuno na si kwa mkono. Akainua pua.

Hakuuliza nani anaunguza nywele. Alirudisha kisu nyuma kupitia njia ile ile kiliyoingilia, akazima, akaweka alama ya chaki alipokomea. Akachomoa waya, akajivika. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, kila mtu akitaka kusikia.

"Unaumwa?" Bwana Dakika akauliza.

"Bado."

"Basi kata."

"Sikati."

"Mama, unasimama vizuri, unaongea vizuri, unanitazama vizuri."

"Naongea vizuri. Kuona, naona nusu." Akanyoosha mkono wa kushoto mbele yake. "Hapa nauona huu. Naona kiwiko na ncha za vidole. Katikati hapana. Kama unataka nipatafute kwa kisu, sema, tena sema kwa sauti wote wasikie."

Hakusema. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya watu. Akavuta stuli, akaiweka karibu na meza. "Sawa. Kaa hapa. Tusubiri wote. Hicho kichwa kikija, nikakiona, nitaamini, na utalala hata mpaka kesho."

Mke wangu akaitazama stuli.

"Kichwa changu si sinema," akasema. "Nikilala sasa hivi, nitaamka na lori hili litaondoka leo. Nikikaa hapo kukuridhisha, utaniona natapika kwenye ndoo, utaridhika sana, na kitambaa kitalala hapa mpaka keshokutwa. Mimi nitakuwa mgonjwa ili wewe uwe na uhakika. Hiyo sifanyi. Wala kwa ajili ya vifungo sifanyi."

"Ukiondoka, meza hiyo si yako."

"Haijawahi kuwa yangu. Na kisu ni cha kiwanda. Kichwa tu ndicho changu, nacho nakwenda kukilaza."

Akameza kidonge bila maji mbele yake, akatembea kwenda stoo, mkono mmoja ukigusa ukuta. Hakukimbia, wala hakunyata.

Mimi nilikuwa nimesahau pasi juu ya suruali ya mlinzi. Kuna lindo mahali fulani ambalo mlinzi wake alikaa mwaka mzima akiegemea ukuta ili dirisha nililoliunguza kwenye suruali yake lisionekane.

Bwana Dakika alibaki na stuli tupu. Akageuka. "Msimamizi. Wewe unajua kukata."

"Ndiyo bosi." Alijua. Dada yake ndiye aliyemfundisha.

"Chukua waya mwingine stoo. Maliza hii kazi."

"Ndiyo..." shemeji akasema, na neno likamtoka nusu, kwa mazoea, kama mguu unaoshuka ngazi isiyokuwepo. Watu wote walikuwa wanamtazama. Nilidhani atazimia, nikaanza kutafuta pa kumlaza. Badala yake akakohoa.

"Ndiyo bosi, nimesikia. Sichukui."

"Na wewe unaumwa?"

"Hapana. Mimi mzima kabisa. Ndiyo maana nakataa." Sauti ilikuwa inamtetemeka kama kisu cha umeme, na kama kisu cha umeme haikusimama. "Waya wa mkataji uko shingoni mwa mkataji. Hakuna anayechomeka mwingine. Na ile presha niliisema mimi. Dada hakunituma, alinikataza. Yeye alikwambia kweli ukamwona mwongo. Mimi nilikwambia uongo, ukamwita nesi."

Bwana Dakika aliangalia saa yake, lakini zamu hii hakuisoma. Alitazama kisu, chuma tu kimesimama juu ya kitambaa. Alitazama vijana waliokuwa wakimsaidia mke wangu kutandika, nao wakaweka mikono nyuma. Kisha akaingia ofisini na kufunga mlango.

Shemeji alikaa kwenye ile stuli.

Hakuna aliyeambiwa afanye nini, kwa hiyo kila mtu akafanya alichokuwa nacho. Mwanga wa mchana ulikuwa umeanza kulegea madirishani mke wangu alipotoka stoo. Uso umevimba kidogo, macho madogo, alama ya ukingo wa jora imechorwa shavuni. Kichwa kilikuwa kimekuja, lakini kimekuja peke yake, bila godoro. Akanywa maji. Akavua waya shingoni, akachomeka, akainama kutafuta alama yake ya chaki. Kisu kikaanza kunguruma, na cherehani zikamfuata. Lori liliondoka siku ile ile, dereva akilalamika ameamshwa.

Tulipokuwa tunatoka, Bwana Dakika alikuwa mlangoni. "Mama, kesho asubuhi ofisini."

"Kesho asubuhi natandika," mke wangu akasema. "Ukiwa na neno utanikuta mezani."

Njiani shemeji alitembea nyuma yetu, hatua chache, kama mtu asiyejua kama amealikwa. Mke wangu hakugeuka mpaka tulipofika mlangoni kwetu.

"Umekunywa chai leo?" akamuuliza.

"Sijanywa."

"Ingia."

Alikunywa vikombe vingi. "Kesho nitafukuzwa," akasema.

"Ukifukuzwa, utafukuzwa kwa lako mwenyewe," dada yake akamjibu. "Si kwa presha yangu."

Nilitaka kumweleza shemeji jinsi ile ya radi ingekwenda, lakini mke wangu alinitazama kwa jicho zima, nikanywa chai yangu.

Asubuhi tulikuwa tunatandika nyeupe, sare za manesi. Siku hiyo nilikuwa nimehamishwa kidogo kutoka kwenye pasi, kwa sababu ya ile suruali, nikawekwa kusaidia kunyoosha kitambaa. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Bwana Dakika alitoka ofisini, akapita katikati ya cherehani, akaja mpaka mezani. Alikuja na miguu yake, na ukumbi mzima ulimwona anakuja.

"Nimefikiri," akasema.

"Ndiyo," mke wangu akasema, akilaza karatasi.

"Msimamizi nitazungumza naye mwenyewe. Kudanganywa sipendi."

"Zungumza naye. Ni mtu mzima, atakujibu."

"Wewe utabaki kwenye meza." Akangoja shukrani. Shukrani haikuja, akaendelea. "Ila ukitua kisu, uniambie."

"Nitamwambia aliye karibu. Nikiweza. Siku nyingine na maneno yananipotea. Nataka kusema chaki, nasema kijiko."

"Maneno nayo?"

"Nayo."

Bwana Dakika akashusha pumzi ndefu. Alikuwa amechoka, na alipochoka alionekana kijana kuliko siku zote. Akainama kidogo, akapunguza sauti, na nadhani lile ndilo swali lililomtoa ofisini. "Sasa mama, mimi nitajuaje? Siku ambayo hakuna harufu, hakuna mwanga, hakuna chochote. Umechoka tu, unataka kulala. Nitajuaje kwamba siku hiyo si kweli?"

"Hutajua."

Akangoja mengine. Mke wangu alikuwa anapapasa kitambaa kwa kiganja, anatafuta mikunjo.

"Hutajua, meneja. Hata huyu mume wangu hajui, na tunalala kitanda kimoja. Shika hiyo pembe hapo mbele yako, uivute, kitambaa kinakunjana."

Bwana Dakika alitutazama sisi, akaitazama pembe. Akaishika. Akavuta.

"Zaidi," mke wangu akasema.